Mbona eliani wa zamani walijificha ndani ya watu na wa siku hizi wanabomoa miji?

Swali limetoka kwa kijana wa Kondele, Kisumu, mwenye duka la muvi. Zamani alikuwa anachoma CD, siku hizi anawekea watu kwa flashi. Anaandika hivi: "Mwalimu, kuna kastama wangu ni tichee wa sekondari, kila akija kuchukua muvi za eliani ananiambia hizo si za eliani, hizo ni za siasa, ati Marekani wakiogopa kitu wanakitengenezea muvi. Mimi nimeona nyingi na kuna kitu nimegundua. Zile za kitambo za black and white eliani hawabomoi kitu, wanaingia tu ndani ya watu polepole. Za juzi wanakuja na meli kubwa wanapiga mji mzima. Hiyo ni siasa ama ni pesa tu ya kutengeneza muvi? Na mbona huku kwetu hawashukangi?"

Omera, asante sana kwa hili swali, na umwambie huyo tichee ako sawa ingawa si kwa kila kitu. Nimefundisha historia hapa Nakuru miaka mingi, baadaye nikaongeza mambo ya filamu, na hakuna mada naipenda kama hii, kwa hivyo nitaandika mrefu kidogo.

Hicho kitu umegundua wewe mwenyewe ukiwa dukani ndio ufunguo. Watu wengi wakiangalia hizi muvi wanaangalia sura ya eliani, ana macho mangapi, anatema nini, damu yake ni rangi gani. Wewe uliangalia mlango. Huyu kiumbe ameingilia wapi? Amepitia kwa jirani, amepitia angani mchana kweupe, ama alikuwa chini ya ardhi siku zote na sisi tunamkanyaga? Mtu anayeogopa mwizi wa usiku anaweka kufuli kwa dirisha, anayeogopa mtu wa nyumbani mwake anaweka kufuli kwa kabati, sasa wewe ukiingia kwake na uone kufuli iko wapi ushajua anaogopa nani bila kumuuliza. Muvi ni hivyo hivyo.

Lakini lazima nianze kabla ya muvi, na nianzie karibu na kwenu. Mwaka wa 1898 Mwingereza anaitwa H. G. Wells alitoa kitabu, The War of the Worlds, viumbe wa sayari ya Mars wanashuka karibu na London na mashine za miguu mitatu na miale ya moto, na jeshi la dola kubwa kuliko zote duniani wakati huo linashindwa ndani ya siku chache. Wasomi watakuambia Waingereza walikuwa wanaogopa Ujerumani, na ni kweli, tangu Wajerumani walipoipiga Ufaransa 1871 kulikuwa na hadithi chungu nzima Uingereza za siku adui atavuka bahari. Ila Wells kwa sura ya kwanza kabisa anawaambia wasomaji wake wasihukumu hao viumbe haraka, wakumbuke kwanza venye wazungu waliwafanyia watu wa Tasmania, ambao anasema walimalizwa ndani ya miaka 50. Wazao wa watu wa Tasmania wako mpaka leo, hapo alikosea, lakini unaona alikuwa anaenda wapi. Alichukua kile nchi yake ilikuwa inawafanyia wengine akakirudisha nyumbani kwao.

Sasa weka huo mwaka kando ya historia yetu. 1895 Uingereza inatangaza hii nchi ni himaya yake. Mwaka huo huo Wabukusu wanapigwa kwenye ngome zao, Lumboka na Chetambe. 1896 reli inaanza Mombasa. 1898 kitabu cha Wells kinatoka. Disemba 1901 reli inafika ziwani, mahali wewe unaita Kisumu wao wakapaita Port Florence. Wanandi wanapigana nao kwa vipindi kutoka 1895 mpaka 19 Oktoba 1905, siku kiongozi wao Koitalel arap Samoei aliuawa na afisa Mwingereza, Meinertzhagen, kwenye mkutano uliosemekana ni wa amani. Na babake Koitalel, Kimnyole, aliyekufa 1890 kabla hata chuma cha kwanza hakijalazwa, anakumbukwa mpaka leo kwa utabiri wa nyoka anayetema moto na moshi, anatoka maji ya mashariki anakuja kunywa ziwa la magharibi.

Isome tena polepole. Kitu cha chuma kinatoa moshi, kimeletwa na watu rangi yao haijawahi kuonekana, wana bunduki ya Maxim inaua kabla mkuki haujafika nusu ya njia. Kile Wells aliandika kama ndoto mbaya ya London, huku ilikuwa ni maisha ya nyanya za nyanya zetu. Na kuna tofauti moja huwa inaniuma kila nikiifundisha. Kwa kitabu, wavamizi wanakufa mwishoni kwa sababu miili yao haijui vijidudu vya dunia, yaani ardhi inawakinga wenyewe. Hapa Bonde la Ufa ilikuwa kinyume, sotoka ilikuwa ishamaliza ng'ombe wa Wamaasai mwanzoni mwa miaka ya 1890 na ndui ikafuata, wazungu walipofika kutaka ardhi walikuta watu wamedhoofika tayari. Kwa hivyo ukiniuliza mbona eliani hawashukangi huku, jibu langu la kwanza ni kwamba walishashuka, na stesheni yao ya mwisho ilikuwa hapo kwenu.

Redio ya 1938 nitaipita haraka kwa sababu imesimuliwa sana na imetiwa chumvi sana. Tarehe 30 Oktoba Mmarekani anaitwa Orson Welles (si yule Wells wa kitabu) aliigeuza hiyo hadithi ikawa kama taarifa ya habari, akahamishia uvamizi New Jersey, na magazeti yakaandika Marekani nzima ilikimbia. Haikukimbia. Wengi hata hawakuwa wamefungua hiyo stesheni. Lakini wale walioshtuka walishtuka kwa sababu mwezi mmoja tu kabla, huko Munich, Hitler alikuwa amekabidhiwa kipande cha Czechoslovakia, na wiki nzima redio ilikuwa inakatiza muziki kuleta habari za vita inayokuja. Masikio yalikuwa yamezoea kukatizwa. Kuna waliosema baadaye kwamba walidhani ni Wajerumani ndio wameshambulia, hayo mambo ya Mars hata hawakuyasikia vizuri.

Sasa miaka ya hamsini, penye swali lako liko. Agosti 1949 Wasovieti wanajaribu bomu lao la kwanza la atomiki. Oktoba mwaka huo China inakuwa ya Wakomunisti. 1950 vita vya Korea vinaanza. Juni 1953 mume na mke, Julius na Ethel Rosenberg, wanauawa kwa kiti cha umeme kwa kosa la njama ya kuwapa Wasovieti siri za bomu, na hao walikuwa watu wa kawaida wa New York, wazazi wa watoto wawili. Hebu fikiria unasoma hiyo asubuhi na chai. Mkomunisti hana rangi yake, hana lafudhi, anakaa mlango wa pili, juzi alikuomba chumvi. Na kule Hollywood kwenyewe, kuanzia 1947, waandishi na waigizaji walikuwa wanaitwa mbele ya kamati ya bunge waulizwe kama wao ni Wakomunisti na wataje wenzao, na ukikataa kazi imeisha, jina lako linafutwa hata kwa muvi uliyoandika. Kwa hivyo watu waliokuwa wanatengeneza hizi muvi hawakusoma hofu kwa gazeti, ilikuwa inawangoja ofisini.

Ndio unaelewa Invasion of the Body Snatchers ya 1956, ya dairekta Don Siegel, ambayo naona ndio muvi bora kabisa ya uvamizi iliyowahi kutengenezwa. Hakuna meli angani, hakuna mji unabomolewa. Kuna kamji kadogo California, daktari wa pale anarudi kutoka safari anakuta wagonjwa wanalalamika kitu kimoja cha ajabu, kwamba mtu wa familia yao si yeye. Mwanamke anaitwa Wilma anamwonyesha mjomba wake akikata nyasi mbele ya nyumba, anamwambia huyo si mjomba. Daktari anaangalia, anaenda kuongea naye, ni mjomba yule yule, sauti ni yake na mambo ya zamani anayakumbuka yote. Wilma anasema hayo yote anayajua, lakini kile kitu kilikuwa machoni mwake akimwangalia hakiko tena. Baadaye tunajua kuna maganda makubwa kama ya mmea, yanawekwa karibu na wewe, ukilala yanakuiga, ukiamka si wewe. Na waliobadilika hawana ubaya usoni. Wanakuambia hakuna maumivu, lala tu, utaamka bila wasiwasi wowote.

Watu wamebishana miaka karibu 70 kama maganda ni Ukomunisti unaofanya kila mtu awe sawa, ama ni seneta McCarthy na wenzake waliokuwa wanatishia kila mtu afikirie sawa. Jack Finney aliyeandika hadithi yenyewe alikataa zote mbili, alisema ni hadithi tu ya kuburudisha. Na mimi namwamini. Hapo ndipo tichee wako anakosea kidogo akisema Marekani "wanatengenezea" hofu yao muvi, kama vile watu wanakaa mezani wanaamua. Mara nyingi hakuna mtu aliamua. Mwandishi anatafuta kitu kitamtisha mtu aliyekaa kwa kiti, anajaribu hili na lile, linalotisha linabaki, na linalotisha mwaka huo ni lile limejaa hewani mwaka huo. Lakini angalia studio ilifanya nini. Siegel alitaka muvi iishe daktari akiwa barabarani usiku, anapigia magari kelele, hakuna anayesimama. Studio ikaona hiyo ni giza sana, ikalazimisha mwanzo mpya na mwisho mpya, sasa daktari anasimulia hospitalini, mwishowe anaaminiwa, na wanapigia FBI simu. Hiyo simu ya FBI ni kufuli iliyoongezwa baadaye, na inakuambia studio ilitaka watu warudi nyumbani wakiamini nani atawalinda.

Wacha nikupe kitu niliona kwa macho yangu. Mwaka mmoja, kama 2011 hivi, niliwaonyesha hiyo muvi vijana fulani hapa Nakuru, projekta ya kuazima, shuka nyeupe ukutani, mapazia yamefungwa na bado mwanga unapenya. Nilidhani watacheka kwa sababu ni black and white na hakuna mlipuko. Mwanzoni walicheka. Ilipofika mahali daktari anagundua hata polisi wa mji wamebadilika, na watu wanamtafuta nyumba hadi nyumba, kukawa kimya, na msichana mmoja wa kiti cha nyuma akasema kwa sauti ya kawaida tu, si ya kuuliza, "Hiyo ni madoadoa." Hakuna mtu aliongeza neno. Hao watoto Januari 2008 walikuwa darasa la tano, la sita. Walikuwa mjini hapa wakati wa vurugu za baada ya uchaguzi, wakati majirani waliokuwa wanachota maji bomba moja waliambiana jina hilo, madoadoa, kwamba jirani ni alama kwa nguo inafaa kuondolewa ndio nguo iwe safi. Nchi nzima watu zaidi ya 1,100 walikufa. Mimi nilikuwa nimefundisha hiyo muvi miaka kadhaa nikisema Warusi, McCarthy, Vita Baridi, na yule msichana akanionyesha kwa maneno matatu kwamba hofu ya kuingiliwa na mtu anayefanana nawe haihitaji Mrusi. Inahitaji tu mtu akuambie jirani yako si yule unamjua.

Na haikuanza 2008. Wakati Hollywood inawaza maganda, serikali ya kikoloni hapa ilikuwa inafanya hiyo hofu kazi ya kila siku. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952 kwa sababu ya Mau Mau, na maskwota wa Kikuyu kwenye mashamba ya wazungu huku Bonde la Ufa wakawa wanakaguliwa na kurudishwa Central. Kulikuwa na yule waliita gakunia, mtu amevalishwa gunia kuanzia kichwani, tundu mbili za macho, ninyi mnapitishwa mbele yake mmoja mmoja na akitikisa kichwa wewe unapelekwa kizuizini. Hujui ndani ya gunia ni nani. Anaweza kuwa binamu yako. Nikisoma wasomi wa ng'ambo wanasema muvi ya 1956 inahusu Marekani peke yake huwa natamani wangekaa na mzee mmoja wa Njoro au Elburgon, amsimulie hayo macho mawili.

Sasa pesa, kwa sababu umeuliza na ni swali la haki. Ndiyo, pesa ni sehemu. Maganda ni rahisi kutengeneza na mwigizaji akikuangalia bila hisia hakugharimu chochote. Muvi ndogo za wakati huo zilikuwa na bajeti ndogo na hilo liliwasukuma kwenye hadithi za watu kuingiliwa. Lakini wenye pesa nao walikuwepo. 1953 George Pal alitoa The War of the Worlds kwa rangi, Los Angeles inabomolewa, wanaangusha bomu la atomiki kwa mashine za Mars na moshi ukiisha mashine bado zinatembea, na hiyo ilikuwa miaka minne baada ya Wasovieti kupata bomu lao, yaani silaha iliyowafanya Wamarekani walale usingizi imegeuka kuwa bure mbele ya macho yao. Tena 1951 kuna The Day the Earth Stood Still ya Robert Wise, eliani anashuka Washington kuonya binadamu kuhusu silaha hizo hizo, na kitu cha kwanza anafanyiwa ni kupigwa risasi na mwanajeshi aliyeshikwa na woga. Kwa hivyo miaka hiyo kufuli zilikuwa mbili, moja ya jirani na moja ya anga.

Miaka ya sabini kufuli inahama. Vietnam imeharibika, rais Nixon amejiuzulu Agosti 1974 kwa ajili ya kashfa ya Watergate, na 1978 Philip Kaufman anarudia Body Snatchers akiiweka San Francisco, na safari hii staring ni mfanyakazi wa idara ya afya ya mji. Anapiga simu kwa serikali kuomba msaada, na mtu wa upande ule anamwita kwa jina lake kabla hajalitaja. Mimi hapo nywele zinasimama kila mara. Ofisi yenyewe ndiyo imeingiliwa, na safari hii hakuna FBI ya kupigia. Miaka kumi baadaye, 1988, John Carpenter akatoa They Live, kibarua wa mjengo anaokota miwani, akiivaa anaona mabango ya matangazo yanasema tii, nunua, lala, na matajiri wengi wana sura za eliani. Hiyo ilikuwa Marekani ya rais Reagan, viwanda vinafungwa na matajiri wanazidi kunenepa, na eliani hapo hajavamia kwa jeshi, amevamia kwa soko.

Reagan huyo huyo, Septemba 1987, alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa akasema huwa anawaza tofauti za mataifa zingeisha haraka kiasi gani kama tungetishiwa na eliani kutoka nje ya dunia. Weka hayo maneno akilini halafu uangalie Independence Day ya 1996, nadhani hiyo umeuza sana. Umoja wa Kisovieti ulikufa Disemba 1991. Kwa miaka karibu 45 Marekani walijua adui ni nani, ghafla hayuko. Sasa ukiwa na bunduki kubwa kuliko zote na huna wa kuipiga, unaogopa nini? Hiyo muvi inaleta adui mkubwa mno, hana siasa, hana dini, hataki mazungumzo, anavunja Ikulu ya Marekani kwa mwale mmoja, halafu rais wao mwenyewe anapanda ndege ya kivita na dunia nzima inapigana ikifuata mpango wa Marekani, tarehe 4 Julai, sikukuu yao. Hofu ni kukosa adui, na muvi ni dawa ya hiyo hofu. Ikulu iliyolipuka ilikuwa kielelezo kidogo kilichojengwa ili kilipuliwe, na watu kwa sinema walishangilia. Kuna kitu kidogo wengi hawajui: jeshi la Marekani lilikuwa lisaidie kutengeneza hiyo muvi, likajitoa kwa sababu skripti ilitaja Area 51, kambi yao ya siri, na dairekta akakataa kuitoa. Mahali ambapo serikali ilikuja kukiri kupo mwaka wa 2013.

Kushangilia jengo likilipuka kuliisha siku moja. Kwa Wamarekani ni 11 Septemba 2001. Kwetu ni 7 Agosti 1998, bomu la ubalozi wa Marekani Nairobi, zaidi ya watu 200 walikufa, wengi wao Wakenya waliokuwa wanaenda kazini. Wenye umri wangu tunakumbuka zile picha, watu wanatembea barabarani wamefunikwa vumbi la kijivu kuanzia nywele mpaka viatu, damu ndiyo rangi peke yake. Sasa chukua War of the Worlds ya Spielberg ya 2005. Mashine hazitoki angani, zilikuwa zimezikwa chini ya barabara tangu zamani, zinangoja. Tom Cruise anakimbia, watu wanageuzwa majivu pembeni yake, anafika nyumbani anajiona kwa kioo, amefunikwa vumbi lote kijivu, na anaelewa hilo vumbi lilikuwa watu. Anaanza kujipangusa kichwa kama mwendawazimu. Ndani ya gari binti yake mdogo anauliza kama ni magaidi. Adui aliyekuwa amelala ndani ya nchi siku zote, hiyo ni hofu ya baada ya 2001 tupu. Na bado kuna upande wa pili ndani ya muvi hiyo hiyo, jamaa mmoja akiwa amejificha chini ya nyumba anasema ukaliaji wa nchi ya watu haujawahi kufaulu, na hiyo inasemwa 2005, jeshi la Marekani likiwa Iraq mwaka wa tatu. Spielberg aliweka kufuli kwa dirisha lake na akakubali pia kwamba kuna mtu mwingine ameweka kufuli kwa ajili yake.

Sasa Afrika. Neno lenyewe alien kwa Kiingereza ni mgeni, na hapa Kenya kitambulisho cha mgeni anayekaa nchini watu huita kadi ya eliani. Neill Blomkamp, kijana wa Johannesburg, ndiye alichukua hiyo maana mbili akaitengenezea District 9, mwaka wa 2009. Meli inasimama juu ya Johannesburg tangu 1982, ndani kuna eliani wagonjwa wenye njaa, wanawekwa kwa kambi, kambi inakuwa slamu, wenyeji wanataka watolewe. Jina linakumbusha District Six ya Cape Town, iliyotangazwa eneo la wazungu 1966 na watu wakahamishwa kwa maelfu. Lakini muvi ilipigwa picha Soweto mwaka wa 2008, na Mei mwaka huo Waafrika Kusini walikuwa wamewavamia Wazimbabwe, Wamsumbiji na wengine kwa mitaa, watu zaidi ya 60 wakafa. Kwa filamu fupi aliyotangulia kutengeneza, Blomkamp alihoji watu halisi wa mitaani kuhusu wahamiaji, akatumia majibu yao kama wanaongea juu ya eliani. Sikuipenda kabisa venye ilionyesha Wanigeria, serikali yao ililalamika na nadhani walikuwa na haki, muvi inayopinga ubaguzi haifai kuokota jamii moja ya Kiafrika ikaifanya walaji watu.

Lakini kuna tukio moja naweza kulifundisha wiki nzima. Wikus, karani wa kampuni, anapita nyumba hadi nyumba na karatasi za kuhama, lazima kila eliani atie sahihi ndio iwe halali. Mmoja anaipiga ile karatasi kwa hasira, mkono unaacha alama, na Wikus anasema hiyo inatosha kama sahihi. Mimi nikiwa Nakuru siwezi kulicheka. Mwaka wa 1904 wazee wa Kimaasai, Lenana akiwemo, waliweka alama zao kwa mkataba wa kuondoka hapa bondeni, Naivasha mpaka Nakuru, wapishe walowezi, na mkataba ulisema utadumu kadiri Wamaasai watakavyokuwepo. Ulidumu miaka saba. 1911 wakahamishwa tena kutoka Laikipia kwa karatasi nyingine.

Wenzetu wanaotengeneza filamu za kubuni wakati ujao huku, mlango wanaoangalia mara nyingi si wa anga. Wanuri Kahiu alitoa Pumzi mwaka wa 2009, na hofu ya Pumzi ni maji kuisha.

Ya juzi nitataja moja tu, Arrival, ilitoka Novemba 2016, wiki ile ile Trump alichaguliwa. Meli 12 zinasimama sehemu mbalimbali duniani na hazifanyi kitu. Uvamizi haupo. Hatari inatoka kwa mataifa kukatana simu, na kwa neno moja la eliani ambalo mwingine anatafsiri silaha na mwingine chombo cha kazi, na kwa sababu ya hilo neno vita karibu ianze. Ukifikiria watu siku hizi wanavyosambaza ujumbe kwa simu bila kuusoma mpaka mwisho, utaona kufuli imewekwa kwa mdomo.

Basi, akirudi huyo tichee, mwekee hizi nne kwa mpangilio huu: ya 1956, ya 1978, ya 1996, ya 2005. Na wewe kabla hajaja jifungie dukani uangalie ya 1956, ufike pale asubuhi ya Jumamosi daktari na mpenzi wake wakichungulia dirishani kwa mji. Watu wametulia kwa uwanja kama siku yoyote ya soko, basi la abiria limepita, polisi yuko pale anaongoza. Malori ya wakulima yanaingia, turubai zinafunuliwa, maganda yamepangwa kama kabichi, na mtu anaita kwa utaratibu kabisa, wenye jamaa mji ule waje lori hili, wenye jamaa mji ule waende lile. Wanapanga laini. Kila mmoja anabeba la mtu wake.